PEMBE MBILI ZA FAHALI: SOMO LA MAFUTA YENYE MATAWI NA NTA YA MBUNG'O

Mtu aendaye sokoni Kakamega huweza kurudi nyumbani na vitu vinne ambavyo kwa macho havifanani hata kidogo: chupa ya mafuta ya taa kwa koroboi, kidumu cha petroli kwa pikipiki, mtungi wa gesi ya kupikia, na mshumaa. Kimoja ni cha majimaji, kingine ni hewa, kingine ni kigumu kama sabuni. Hata hivyo vyote vinne ni vya ukoo mmoja, na ukoo huo wataalamu huuita haidrokaboni, yaani vitu vilivyofanyizwa kwa kaboni na haidrojeni peke yake.

Katika somo hili twataka kueleza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini vitu vya ukoo huu vyenye matawi huwa na tabia mbali na vile vilivyonyoka. La pili ni jambo la ajabu zaidi: kwamba baadhi yao wana mkono wa kulia na mkono wa kushoto kama wanadamu. Msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya vitabuni tu. Mwishoni ataona jinsi yanavyohusu mbung'o, na mbung'o ni adui wa ng'ombe wake.

UKOO WA ALKANI

Kila kitu duniani kimefanyizwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Atomu zikishikana huwa molekuli. Atomu ya kaboni yaweza kufikiriwa kuwa ina mikono minne ya kushikia, na atomu ya haidrojeni ina mkono mmoja tu. Kaboni zikishikana mkono kwa mkono kwa safu, na mikono yote iliyobaki ikashikwa na haidrojeni, kitu hicho huitwa alkani.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua idadi ya kaboni, uizidishe mara mbili, kisha uongeze mbili. Hiyo ndiyo idadi ya haidrojeni. Methani, ambayo ni sehemu kubwa ya gesi itokayo katika samadi iliyofungiwa shimoni, ina kaboni 1 na haidrojeni 4. Gesi ya mtungi ni propani, yenye kaboni 3, na butani, yenye kaboni 4. Petroli ina molekuli nyingi za kaboni 5 hadi 12. Mafuta ya taa yana za kaboni 10 hadi 16 hivi. Nta ya mshumaa ina za kaboni 20 na kuzidi. Kadiri safu inavyokuwa ndefu, ndivyo kitu kinavyokuwa kizito, na ndivyo kinavyohitaji joto zaidi ili kichemke. Hii ndiyo sababu gesi hutoka yenyewe mtungini mara ufunguliwapo, na mshumaa hukaa kabatini mwaka mzima bila kupungua.

Alkani zote zina tabia fulani za pamoja. Hazichanganyiki na maji. Ni nyepesi kuliko maji, basi huelea juu yake. Zote huwaka. Kwa hiyo mtu asimwagie maji petroli inayowaka, maana petroli itaelea juu ya maji na moto utasafiri nayo. Moto wa namna hii huzimwa kwa mchanga, au kwa kuunyima hewa.

SAFU ILIYONYOKA NA SAFU YENYE TAWI

Kaboni tatu haziwezi kupangwa ila kwa njia moja. Lakini zikiwa nne, kuna njia mbili. Zaweza kukaa safu moja, au tatu zikakaa safu na ya nne ikachipuka katikati kama tawi. Idadi ya atomu ni ile ile, uzito ni ule ule, lakini vitu ni viwili. Butani iliyonyoka huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri ya Sentigredi, na ile yenye tawi huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Vitu vya namna hii, vyenye atomu sawa kwa hesabu lakini mpango mbali mbali, huitwa isomeri.

Kaboni zikiwa tano, ndugu ni watatu. Aliyenyoka huchemka kwenye nyuzi 36, mwenye tawi moja kwenye nyuzi 28, na mwenye matawi mawili kwenye nyuzi 9.5. (Hesabu hizi ni za usawa wa bahari, huku kwetu Kakamega, mahali palipoinuka mita 1,500 hivi, kila kitu huchemka kwa joto pungufu kidogo.) Twaona basi kwamba tawi hupunguza joto la kuchemkia. Kwa nini?

Mwulize mama aliyetoka msituni na mzigo wa kuni. Vijiti vilivyonyoka hulala pamoja, vikagusana tangu ncha hata ncha, na mzigo hukazika barabara. Vijiti vyenye matawi havikubali kulala pamoja; hugusana hapa na pale tu, na mzigo hulegea. Molekuli nazo huvutana mahali zinapogusana. Zilizonyoka hugusana sana, basi ni vigumu kuzitenganisha. Zenye matawi hugusana kidogo, basi joto dogo latosha kuzitawanya.

TAWI KATIKA INJINI

Ndani ya injini ya petroli, mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa hushindiliwa kwa nguvu, kisha cheche ya umeme huuwasha. Yapasa uwake kwa utaratibu tangu pale penye cheche. Lakini molekuli zilizonyoka hazina subira. Zikishindiliwa na kupata joto huwaka zenyewe kabla moto haujazifikia. Hapo dereva husikia injini ikigonga kama mtu anayepiga debe kwa nyundo, na pistoni huharibika. Molekuli zenye matawi mengi huvumilia.

Wataalamu wameweka kipimo cha uvumilivu huo, kiitwacho okteni. Heptani iliyonyoka, yenye kaboni 7, ilipewa alama 0. Alkani moja ya kaboni 8 yenye matawi matatu ilipewa alama 100. Petroli zote hupimwa kati ya hizo mbili, na nyingine hupita. Ndugu wa heptani huonyesha vizuri kazi ya matawi: mwenye tawi moja kwenye kaboni ya tatu hupata alama 52 hivi, na mwenye matawi mawili, kwenye kaboni ya pili na ya tatu, hupata 91 hivi.

Kwa miaka mingi wenye viwanda waliongeza okteni kwa njia ya mkato, nayo ni kutia risasi katika petroli. Risasi ile ilitoka na moshi, ikaingia hewani na udongoni, na ikadhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba petroli hiyo imekwisha kuachwa katika magari ya dunia nzima. Siku hizi okteni hupatikana, pamoja na njia nyingine, kwa kuzipanga upya molekuli kiwandani ili ziwe na matawi.

Injini ya dizeli ni kinyume. Haina cheche, hutaka mafuta yawake yenyewe yakishindiliwa, kwa hiyo hupenda molekuli zilizonyoka. Ndiyo maana petroli ikitiwa katika injini ya dizeli ni hasara, na dizeli katika injini ya petroli ni hasara vile vile.

Hapa yafaa tutoe onyo. Wako watu wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli ili wapate faida. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka kodi ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wachanganyaji. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko ya injini ni ya nyumbani. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kuweza kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali kupita barafu. Petroli kidogo ikiingia katika mafuta ya koroboi, koroboi yaweza kulipuka na kuunguza watoto walioketi kuizunguka wakisoma. Kidumu kilichobeba petroli kisitiwe mafuta ya taa kamwe.

PEMBE YA KULIA NA PEMBE YA KUSHOTO

Sasa twafika kwenye jambo la pili. Watazame fahali wa kupigana, ambao watu wa Isukha na Idakho huwatunza kwa fahari kubwa. Pembe zake mbili zaweza kuwa sawa kabisa kwa urefu, kwa unene na kwa uzito. Hata hivyo, ukiikata pembe ya kulia huwezi kuibandika mahali pa ile ya kushoto. Itapinda upande usiofaa, hata ukiigeuza namna gani. Lakini ukiiweka pembe ya kulia mbele ya kioo, sura itakayoonekana kiooni ni ya pembe ya kushoto. Ndivyo yalivyo mikono yetu na viatu vyetu.

Kitu ambacho sura yake ya kiooni haiwezi kulingana nacho huitwa kairali, neno lililotokana na jina la Kigiriki la mkono. Chungu cha duara kisicho na mpini si kairali, kwa kuwa sura yake ya kiooni ni chungu kile kile. Pembe moja ni kairali.

Molekuli nazo zaweza kuwa hivyo. Mwaka 1848 Louis Pasteur wa Ufaransa aliona kwamba chumvi fulani itokanayo na tindikali ya zabibu ilikuwa na fuwele za namna mbili, moja ni sura ya kiooni ya nyingine. Akazichambua moja moja kwa mkono. Zilipoyeyushwa majini, namna moja iligeuza nuru upande wa kulia na ya pili upande wa kushoto. Sababu yake ilielezwa mwaka 1874 na vijana wawili, kila mmoja mahali pake: van 't Hoff wa Uholanzi na Le Bel wa Ufaransa. Walisema kwamba mikono minne ya kaboni haikulala bapa kama njia panda, bali imetawanyika pande zote, kama kigoda cha miguu mitatu kilichochomekwa kijiti juu katikati.

JARIBIO LA NYUMBANI

Mwalimu au mzazi aweza kulionyesha jambo hili bila gharama. Finyanga tonge la udongo, ulichome vijiti vinne vilivyotawanyika kwa usawa. Kwenye ncha ya kijiti cha kwanza tia kipande cha muhogo, cha pili jani, cha tatu kipande cha karoti, cha nne ua. Kisha fanyiza tonge la pili, ukitazama sura ya lile la kwanza katika kioo. Jaribu kuyalinganisha matonge mawili hayo ili muhogo uelekee penye muhogo, jani penye jani, karoti penye karoti na ua penye ua. Hutaweza. Viwili vikipatana, viwili vitapishana. Hizo ni molekuli za mkono wa kulia na wa kushoto.

Sasa ondoa ua katika kila tonge, utie jani jingine mahali pake. Jaribu tena. Mara hii yatalingana. Basi kanuni ni hii: kaboni iliyoshika vitu vinne vilivyo mbali mbali vyote huipa molekuli mkono; ikishika viwili vilivyo sawa, kaboni hiyo haitoi mkono.

ALKANI NDOGO KULIKO ZOTE YENYE MKONO

Katika ukoo wa alkani, mtu hawezi kupata molekuli yenye mkono mpaka afike kaboni 7. Chukua ile tuliyoitaja juu, yenye tawi moja kwenye kaboni ya tatu. Jina lake ni 3-methiliheksani. Maana ya jina ni hii: heksani ni safu ya kaboni sita, methili ni tawi la kaboni moja, na 3 ni mahali tawi lilipochipuka.

Kaboni ile ya tatu imeshika nini? Mkono wa kwanza umeshika haidrojeni. Huo ndio muhogo wetu. Wa pili umeshika tawi la kaboni moja. Hilo ni jani. Wa tatu umeshika kipande cha safu chenye kaboni mbili. Hiyo ni karoti. Wa nne umeshika kipande chenye kaboni tatu; hilo ni ua. Vinne vyote vimetofautiana, basi molekuli ina mkono. Lakini tawi likisogezwa kwenye kaboni ya pili, kaboni hiyo itakuwa imeshika vipande viwili vya kaboni moja moja, yaani majani mawili, na mkono hutoweka. Heptani ina isomeri 9 kwa kuhesabu mipango ya safu na matawi. Katika hizo 9, mbili tu zina mkono: hii, na ile yenye matawi kwenye kaboni ya pili na ya tatu. Hakuna alkani ndogo kuliko hizo mbili iliyo na mkono.

Je, 3-methiliheksani ya kulia na ya kushoto zatofautiana kwa tabia? Kwa karibu kila jambo, hapana. Zote huchemka kwenye nyuzi 92, ilhali heptani iliyonyoka huchemka kwenye nyuzi 98. Uzito wao ni mmoja, na hutoa joto lile lile zikiwaka. Injini haijui ipi ni ipi. Tofauti hujitokeza kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni nuru: ikipitishwa nuru iliyochujwa ili itetemeke kwa upande mmoja, molekuli za mkono mmoja huigeuza kuume, na za mkono wa pili huigeuza kushoto kwa kiasi kile kile. Zikichanganywa nusu kwa nusu, hakuna kugeuka.

Ya pili ni hapo molekuli yenye mkono inapokutana na kitu kingine chenye mkono. Mguu wa kulia au wa kushoto huingia katika gunia bila tofauti, kwa sababu gunia halina mkono. Lakini katika kiatu, mguu hujua. Na mwili wa kila kiumbe hai umejaa viatu vya namna hiyo. Mfano mmoja wapatikana jikoni: kuna molekuli iitwayo kavoni, ambayo si alkani lakini ina mkono. Ya mkono mmoja hunukia nanaa, na ya mkono wa pili hunukia kisibiti. Pua imetambua mkono.

NTA ILIYO MWILINI MWA MBUNG'O

Sasa tuje kwa mbung'o. Wazee wa nchi za Ziwa Victoria hawajasahau malale. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa huo uliua watu zaidi ya laki mbili katika Uganda na pwani za ziwa. Upande wa magharibi wa Kenya ulijulikana kwa muda mrefu katika Busia, Alego na bonde la Lambwe. Kwa ng'ombe ugonjwa wa jamii hiyo ni nagana, ambao huwakondesha, huwapunguzia damu na maziwa, huwaharibu mimba na mwisho huwaua.

Maji ya mwili wa mdudu kama mbung'o yangekauka upesi kama si nta iliyompaka ngozi yake. Nta hiyo ni alkani, nyingine zimenyoka na nyingine zina matawi. Mwaka 1978 D. A. Carlson wa Marekani na wenzake walitangaza kwamba nta hiyo ina kazi nyingine. Katika mbung'o wa namna ya Glossina morsitans morsitans, jike ana alkani yenye safu ya kaboni 37 na matawi matatu, kwenye kaboni ya 15, ya 19 na ya 23. Dume akimgusa jike, kwa alkani hiyo hutambua kwamba huyu ni jike wa kabila lake, na hapo hutaka kumpanda. Kitu cha kuigizia kilichopakwa nta hiyo humdanganya dume vile vile.

Mbung'o wa Lambwe ni wa namna nyingine, Glossina pallidipes. Kwake alama ya jike ni safu ya kaboni 35 yenye matawi mawili, kwenye kaboni ya 13 na ya 23. Ukihesabu toka mwisho mwingine wa safu, utaona kwamba ile ya 23 nayo ni ya 13. Molekuli basi ina nusu mbili zilizo sawa, na katika kila nusu mna kaboni moja yenye mkono. Yote pamoja ina kaboni 37 na haidrojeni 76.

Hapa turudi kwa fahali. Namna za kupachika pembe mbili ni tatu. Waweza kumpa pembe mbili za kulia. Waweza kumpa mbili za kushoto. Au waweza kumpa moja ya kulia na moja ya kushoto, kama alivyoumbwa. Fahali wa kwanza na wa pili ni sura ya kiooni mmoja wa mwenzake. Lakini fahali wa tatu, aliye wa kawaida, akisimama mbele ya kioo huonekana vile vile alivyo. Pembe zake zina mikono, ila yeye mzima hana, kwa kuwa mkono mmoja umesawazishwa na mwingine.

Wataalamu walifanyiza namna zote tatu za molekuli ile na kuzijaribu kwa mbung'o. Namna iliyomwamsha dume ni ile ya tatu, yenye mkono mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Vipande ni vile vile, uzito ni ule ule. Kilichompambanulia dume ni mkono tu.

FAIDA YA ELIMU HII

Mtu aweza kuuliza, kwa nini basi mitego isipakwe nta hiyo? Jibu limo katika sehemu ya kwanza ya somo letu. Molekuli ya kaboni 37 ni nta. Hairuki hewani, basi haiwezi kumwita mbung'o wa mbali. Humtambulisha tu aliyekwisha gusa. Kwa hiyo mitego hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zinazomvuta mbung'o, na karibu yake huwekwa vitu vyepesi vyenye kunuka, kama asetoni na mkojo wa ng'ombe. Kazi ya namna hiyo ilifanywa Nguruman, Kenya, na kituo cha uchunguzi wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo.

Lakini kujua jinsi dume na jike wanavyotambuana ni muhimu kwa njia nyingine ya vita. Jike la mbung'o halitagi mayai mengi kama nzi wa chooni. Huzaa buu moja moja, kila siku 9 au 10 hivi, na hupandwa mara chache tu maishani. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umepotea. Kisiwani Unguja, kati ya mwaka 1994 na 1997, madume kama milioni 8 waliofugwa Tanga na kutiwa utasa kwa mionzi walimwagwa kutoka ndege. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Kazi kama hiyo hutegemea kwamba dume aliyefugwa atamtambua jike wa mwituni na kumpanda, na alama ya kumtambua ni ile nta.

Kwa upande wa watu, Kenya haijapata mgonjwa wa malale aliyeambukizwa na mbung'o wa hapa kwa wenyeji tangu mwaka 2009. Wageni wawili waliotembelea Maasai Mara walipatikana nao mwaka 2012. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitambua kwamba malale si tatizo tena kwa afya ya watu wa Kenya. Hiyo ni heri kubwa. Lakini nagana haijaisha. Anayenunua ng'ombe kutoka sehemu zenye mbung'o na amtazame vizuri: je, amekonda ilhali anakula? Je, fizi zimepauka? Je, matezi yamevimba? Amwite daktari wa mifugo apime damu. Wala asinunue dawa sokoni na kuipima kwa kukisia, maana dawa ikitolewa pungufu, vijidudu hujifunza kuishi nayo, na siku nyingine haitafanya kazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Alkani yenye kaboni 8 ina haidrojeni ngapi?
2. Kati ya heptani iliyonyoka na 3-methiliheksani, ipi itachemka kwanza, na kwa nini?
3. Je, alkani yenye safu ya kaboni tano na tawi la kaboni moja kwenye kaboni ya tatu ina mkono?
4. Kwa nini nta ya jike la mbung'o haimwiti dume wa mbali?

MAJIBU

1. Haidrojeni 18, kwa kuwa mara mbili ya 8 ni 16, na mbili zaidi ni 18.

2. 3-methiliheksani huchemka kwanza, kwenye nyuzi 92. Tawi lake huzuia molekuli zisilale pamoja, kama kuni zenye matawi, basi hushikana kwa ulegevu.

3. La. Kaboni ya tatu imeshika haidrojeni, tawi la kaboni moja, na vipande viwili vya kaboni mbili mbili vilivyo sawa. Ni kama tonge lenye karoti mbili. Sura yake ya kiooni hulingana nayo.

4. Kwa sababu molekuli yake ni ndefu na nzito, nayo hukaa ngozini bila kuwa mvuke. Dume hana budi kumgusa jike ndipo ajue.

Msomaji atakayefanyiza matonge ya udongo pamoja na watoto wake jioni hii atakuwa amelishika somo lote. Na siku atakapomwona fahali akiinua kichwa uwanjani, azitazame pembe zile mbili. Ndani ya nta ya mbung'o mmoja mdogo mna pembe mbili kama hizo, ya kulia na ya kushoto.